Kofia Uliyoivua Dakika ya Themanini na Nane

Tonton Faustin,

Ni mimi, Kambale, beki wako namba tano. Nimeketi nyuma ya duka la mama, juu ya gunia la chumvi, na nimeomba daftari la mpwa wangu kwa sababu sikupata karatasi nyingine. Mama anadhani napanga sabuni. Hii ni wiki ya tano tangu tukuzike, na kila nikitaka kukulilia hasira inatangulia. Basi nimeona nikuandikie kwanza. Nikiimaliza hasira, labda nitalia kama watu wengine.

Nikupe habari za huku. Uwanja wa Simi-Simi umejaa maji tena upande wa goli la chini, na umeme wa bwawa unakuja ukitaka. Mke wako, Mama Bernadette, ameanza kula. Dada yake alitaka kumhamishia kwake Lubunga, ng'ambo ya mto, naye akakataa katakata, akasema nyumba yake ni ile ile ya Tshopo. Timu wamenipa mimi. Ndiyo, mimi, Mukata-magoti mwenyewe. Kamati ilizunguka mtaa mzima ikitafuta kocha, ikakosa, ikaja dukani kuniomba shingo upande. Na Mama Bernadette amenipa kofia yako.

Ile ya kijivu, yenye ukingo wa mbele uliovunjika. Ulivaa kofia hiyo jua likiwaka na mvua ikinyesha, na kanisani uliiweka gotini kana kwamba nayo imekuja kusali. Watu walikutania juu yake. Sisi mabeki wanne hatukutania, maana tulijua kazi yake.

Makocha wengine siku ya Alhamisi hufundisha namna ya kufunga mabao. Wewe Alhamisi ulitufundisha makosa. Ulisema, "Faute iko dawa, mwana. Inatumika kidogo, na saa yake." Saa yake ilikuwa dakika kumi za mwisho, tukiwa mbele kwa bao moja. Kipa alipaswa kufunga kamba za viatu ambazo hazikufunguka. Mshambuliaji wetu alipaswa kubanwa na msuli kwenye kona ya mbali kabisa. Na sisi mabeki, mtu akituponyoka akielekea golini, tulipaswa kukutazama wewe pembeni. Kofia ikiwa kichwani, tukimbie naye. Kofia ikivuliwa, tumkate kabla hajafika mstari wa kumi na nane.

Ulitufundisha kwa makini kama fundi cherehani. Jezi, si mguu. Vuta, anguka naye, inuka wa kwanza, mpe mkono, inamisha kichwa mbele ya refa, pokea kadi yako ya njano na asante. Mpira wa adhabu kutoka pale, ukuta wa watu watano, kipa macho wazi, haingii kirahisi. Lakini mtu aliyebaki peke yake na kipa, huyo anafunga. Hesabu yako niliielewa, na nitasema ukweli, niliipenda. Nilikuwa hodari wa makosa kuliko wote. Ulicheka ukaniambia nina mikono ya mwizi wa kuku, nikafurahi siku nzima.

Nilikuwa nakuamini hivyo. Baba alipokufa, viatu vyangu vya kwanza vya mpira vilitoka kwako.

Na sasa nifike kwa Dieudo. Wewe unamjua, lakini nataka nimwandike hapa kwa jina lake, kwa sababu miaka minne sikulitaja. Dieudo, mtoto wa mama wa Yanonge anayeuza samaki wa moshi, rafiki yangu tangu shule ya msingi. Asubuhi tulipanda toleka moja wawili, tukimwambia mwenye baiskeli kwamba sisi ni wepesi. Tulipokua yeye akachezea timu ya Mangobo, mbele, mimi nikabaki kwako, nyuma. Wiki ile ya fainali, sisi dhidi yao, alikuwa ameshaandaa mzigo wake. Timu kubwa ya Kinshasa ilikuwa imemwita kumjaribu.

Unakumbuka tulivyokuwa. Bao moja kwa sifuri, dakika ya themanini na nane, tope hadi vifundoni. Dieudo alipita kati yetu wawili kama hatupo. Nilimkimbilia, na huku nakimbia nikatazama pembeni, kama ulivyonifunza. Kofia ilikuwa juu, mkononi mwako.

Nilishika jezi. Tonton, zile jezi za Mangobo zilikuwa zimefuliwa misimu mingapi? Ilichanika. Nilibaki na kipande cha kitambaa cha njano mkononi, na Dieudo bado anakwenda, hatua mbili kutoka mstarini. Nikatazama tena. Kofia bado iko juu. Hukuwa umetufundisha la kufanya jezi ikichanika. Nikapeleka mguu.

Lile goti nililisikia. Sitasema zaidi ya hapo.

Nilipewa kadi nyekundu, tukashinda. Ulinikumbatia pembeni ya uwanja, watu wakipiga vuvuzela, ukaninong'oneza, "Umefanya vile nilikuomba." Maneno hayo niliyashika sana, kwa sababu nilijua nitayahitaji. Jumatano yake tuliitwa mbele ya kamati ya ligi. Tulikaa benchi moja, bega kwa bega, kofia yako gotini. Wakakuuliza kama ulinituma. Ukajibu, "Mimi sikumutuma. Ule mutoto alifanya ya kichwa yake."

Niligeuka kukutazama. Ukatazama ukuta.

Mtu akikugeuka mkiwa mbalimbali, unaweza kujidanganya kwamba hukusikia vizuri. Wewe ulinigeuka bega lako likiwa juu ya bega langu. Walinifungia misimu miwili. Nje ulinishika shingo, ukaniambia ningoje kidogo, utayatengeneza yale maneno. Ulisema timu ingefutwa kama ungekiri, na mimi ni kijana, watu wangesahau. Nikameza. Nilikuwa na nini kingine cha kufanya? Na nilipotaka kwenda hospitali kumwona Dieudo, ulinizuia. "Usiende kule, watakupiga."

Sikwenda. Watu hawakusahau. Sokoni wanawake waliniita Mukata-magoti hata mbele ya mama, na mama alijifanya hasikii, akizidi kupanga sabuni. Wasichana wawili niliotaka kuwaoa, ndugu zao waliuliza mimi ni yule yule au jina tu limefanana. Nilipomwona Dieudo na fimbo yake karibu na meza ya samaki ya mama yake, nilivuka barabara. Miaka minne nilikuwa navuka barabara. Hata mama sikumwambia. Nilikulinda, Tonton, kwa sababu ulisema ungetengeneza.

Kisha ukafa Jumanne, kwa presha, bila kutengeneza chochote.

Kwenye matanga familia yako ilichapisha fulana zenye picha yako, kama ilivyo desturi. Nilipewa yangu, nikaikunjua. Sijui nani aliichagua picha ile. Umesimama pembeni ya uwanja, mkono juu, kofia mkononi, na nyuma yako linaonekana tope la fainali. Waliniambia wameipenda kwa sababu unasalimu watu, unaaga. Watu mia wamekaa kwenye viti vya plastiki, na kila mmoja amevaa kifuani amri uliyonipa. Padri alikusifu kwamba ulifundisha vijana kucheza kwa haki. Wamama wakalia. Mimi nilikuwa nimevaa yangu nje ndani, nikisema nilikosea kwa haraka.

Hapo ndipo Dieudo alipokuja akakaa kwenye kiti cha karibu yangu. Nilitaka kusimama, akaniwekea fimbo yake juu ya miguu, kama kizuizi cha barabarani. Akagusa picha iliyo kifuani mwake. "Unaona iyi kofia? Mimi najua sababu gani aliitoa."

Akaendelea polepole, kama anayezungumza na mgonjwa. "Alikuya ku hôpital juma ya pili. Alilia mbele yangu. Alisema, ni mimi nilimutuma Kambale. Nilizani alikuambia."

Tonton. Nimeirudia sentensi hiyo kichwani kila siku tangu pale, na bado sijaizoea.

Ulikwenda. Mlango ulionifungia mimi ulipita wewe. Ulilia, ukaomba msamaha, ukasamehewa, ukarudi nyumbani mwepesi. Dieudo anasema uliendelea kumtembelea, ukimpelekea ndizi na redio ndogo ya kusikilizia mechi, mkacheka pamoja. Alikuuliza mara kwa mara kwa nini Kambale haji, ukamwambia nina aibu, aniache, nitakuja mwenyewe. Mimi uliniambia ana hasira, nimwache. Ulisimama katikati yetu miaka minne, ukimwambia huyu hivi na yule vile. Kunikana mbele ya kamati, hilo ningeweza kulielewa, uliogopa. Lakini rafiki yangu alikuwa ameshanisamehe, nami nikilala kila usiku bila kujua. Kwa nini ulinificha hilo? Ungepoteza nini? Au ulijua kwamba tukikaa sisi wawili kwenye benchi moja, hadithi yako itaisha?

Hilo ndilo lililonivunja. Kadi, jina, wasichana, yote hayo ningekuachia kaburini. Dieudo sikuachii.

Nataka ujue pia jambo la Jumapili iliyopita, maana halinipi sifa. Ilikuwa mechi yangu ya tatu kama kocha. Tuko mbele kwa bao moja, zimebaki dakika tatu, tukishinda tunaingia nusu fainali. Kijana wao mwembamba akaponyoka. Trésor, beki wetu, ambaye nawe ulimfundisha Alhamisi zako, alikuwa nyuma yake hatua moja. Na Trésor alinitazama. Alitazama kichwa changu, Tonton, si uso.

Mkono wangu ulikuwa tayari umefika juu. Sikuamrisha uende, ulikwenda. Ulipapasa kichwa kitupu, kwa sababu kofia yako nimeiacha nyumbani ndani ya mfuko. Na kwa muda ule mfupi nilitamani ningekuwa nimeivaa. Nakiri hivyo kwako kwa sababu wewe peke yako utaelewa jinsi inavyokuwa pale pembeni, bao liko njiani na dawa iko mkononi. Nikashusha mkono nikapiga kelele, "Wacha apite." Trésor akamwacha. Kijana akafunga kwenye kona ya chini, safi kabisa. Sare. Tumetolewa.

Wamenitukana hadi daraja la Tshopo. Mtu mmoja aliuliza ni kocha gani huyu asiyejua kufunga mechi, wakati marehemu angeimaliza ile akiwa amelala. Dieudo alikuwa amekaa kwenye jiwe pembeni, fimbo kati ya miguu, na yeye peke yake alipiga makofi. Tulirudi kwa miguu, taratibu kwa ajili ya goti lake. Alinunua pondu ya majani ya muhogo na mkate wa chikwange kwa mama mmoja njiani, tukala tumesimama.

Jumamosi ijayo ndiyo siku ya kutoa matanga yako. Nyumba itafagiwa, wenye nguo nyeusi watazivua, na kila aliyefanya kazi nawe ataombwa kusema neno. Nimeshakwenda kwa Mama Bernadette. Nilimweleza yote, jikoni kwake, huku akichambua mchele, na mkono wake haukusimama mpaka nilipofika kwenye hospitali. Nilimwambia kama hataki, nitanyamaza. Aliweka ungo chini. Kisha akasema, "Utasema, papa. Lakini utasema mimi niko pale."

Kwa hiyo nakuahidi hili, na ulisikie. Jumamosi nitasimama na Dieudo upande wangu wa kulia na mke wako mbele yangu, fulana nimeigeuza upande wake wa sawa. Nitawaambia ulininunulia viatu na ukanifundisha kila ninachojua kuhusu mpira. Halafu nitaweka kidole kwenye picha, niwaambie pale hukuwa unasalimu mtu. Sitaongeza chumvi na sitapunguza. Baada ya hapo, wakitaka kuendelea kuniita Mukata-magoti, waniite, ilimradi waseme pia ni kofia ya nani waliyoiona juu.

Bado nina hasira. Nilifikiri ingeisha kabla ya karatasi. Lakini nimeanza kuwaza jinsi ulivyokuwa ukifunga kamba za viatu vyangu vile vya kwanza, umepiga magoti kwenye tope, kofia ikikudondokea machoni, na sasa maandishi haya yanaloana.

Lala salama, Tonton. Kofia yako nitaitunza. Sitaivaa, ili nisije nikaivua.

Kambale wako