Mgonjwa Wako Hakufika

Mama Odeta,

Leo mchana nimevuliwa shati na mke wa mtu, dirisha likiwa wazi, na sikufa kwa aibu. Ungekuwepo ungecheka mpaka ujishike mbavu.

Ni Furaha, yule aliyeolewa na fundi cherehani wa nyumba ya chini yetu baada ya wewe kuondoka. Amesomea uuguzi Bukavu. Hapa Kigali cheti chake kinatazamwa kama kilivyotazamwa kile chako cha Bukoba: kizuri, lakini cha nchi nyingine, kwa hiyo kwanza apimwe na watahini ndipo asajiliwe. Na sharti bado ni lile lile. Kila mtahiniwa aende na mgonjwa wake wa kuigiza, wa kuogeshwa kitandani mbele ya watahini. Furaha hana ndugu huku, na mumewe amesema hawezi kulala mbele za watu kama maiti. Ndipo akaja kwangu.

Maneno hayo ya mumewe ni kama yale yangu ya zamani.

Unakumbuka ulivyonibembeleza. "Mwalimu, ni kulala tu. Hata wewe kulala unajua." Nikakujibu kwamba nimefundisha nusu ya wakubwa wa mji huu na sitaogeshwa kama mtoto mchanga. Ukachukua mto, ukauvika shati langu jeupe, ukaulaza mezani chini ya taulo, ukauita Mwalimu. "Huyu ana adabu," ukamwambia Odeta, "habishi." Majuma mazima nilikuwa naingia nyumbani nakukuta unauosha mto mikono usiyokuwa nayo. Mwishowe nilikubali nusu nusu. Mazoezi, hapana, siku yenyewe nitakuja. Ulinishukuru. Hilo nalikumbuka vizuri, kwamba ulinishukuru.

Sasa nikuambie jambo ambalo sikukuambia. Daktari anasema moyo wangu umechoka, na sipendi moyo huo usimame hili likiwa bado ndani yake.

Siku ile ulitangulia mapema kwenda kutandika kitanda, mimi nikasema nitafuata. Jioni nilikuambia askari walinishika kwenye kizuizi cha barabarani kwa sababu nilisahau kitambulisho nyumbani. Uliniamini. Vizuizi vilikuwa kila njia, na watu walikuwa wanashikwa kweli. Hukuniuliza swali hata moja. Ulinipa maji ya kunawa, ukaniambia nile.

Sikuzuiwa na mtu, Mama Odeta. Kitambulisho kilikuwa mfukoni. Nilifika. Nilisimama nje ya dirisha la wodi nikakuona kando ya kitanda, shuka imevutwa haina mkunjo, beseni linatoa mvuke, nawe unautazama mlango. Kwenye meza ya watahini alikaa mmoja aliyekuwa mwanafunzi wangu, yule niliyekuwa nikimsimamisha nyuma ya darasa kwa kuvaa shati lisilopigwa pasi. Nikawaza: huyu leo ataniona kifua wazi. Nikageuka. Nikatembea mpaka mtaa wa Kimihurura, nikakaa pembeni ya barabara kama mtu anayesubiri gari, mpaka nilipojua kwamba maji yako yamepoa.

Uliniambia baadaye kwamba kitanda chako walimpa mtahiniwa mwingine, pamoja na shuka ulizotandika wewe. "Wamesema nijaribu awamu ijayo." Awamu ijayo ilipofika hukwenda. Ulisema umri umekwenda. Mimi nilijua si umri. Hukutaka kuniomba tena.

Ukarudi kwenye zahanati ya masista kule Masaka, pembezoni mwa mji, kuzalisha na kufunga vidonda kama miaka yote, na miaka yote uliandikwa msaidizi. Siku tulipokuzika, sista alisoma kanisani, "Msaidizi wetu mpendwa." Nilitaka kusimama niseme, muuguzi. Neno moja tu. Sikusimama.

Lakini kinachoniuma kuliko vyote ni kitu kidogo. Tangu nilipokudanganya, kila asubuhi kabla sijatoka ulinigusa mfuko wa koti. "Kitambulisho, Mwalimu?" Uliogopa wasije wakanishika tena. Hata ulipokuwa umelala huwezi kuinuka, ulinyoosha mkono ili nisogee uguse mfuko. Nikasogea. Nikakuacha uguse.

Basi leo nimelala kwa mazoezi, maana mtihani ni kesho, na Furaha akaanza kazi. Nilikuwa nimekaza mwili wote. "Mzee, uko kama ubao," akaniambia kwa Kiswahili chake cha Kongo. "Kesho wataniuliza: mama, uko naosha mtu ao uko naosha meza?" Nikacheka, mwili ukalegea. Na hapo ndipo nilipoona. Kabla hajagusa shati alikuwa ameshanifunika taulo kubwa mpaka shingoni, na shati likatokea chini yake. Akautoa mkono mmoja, akauosha, akaukausha, akaurudisha ndani, ndipo akautoa wa pili. Kifua changu hakikuonekana na mtu yeyote, hata yeye. Nikamwuliza kama hiyo ni desturi ya Bukavu.

"Hapana, mzee. Wauguzi wote wanafundishwa hivyo. Ukimwacha mgonjwa wazi, hata kidogo, umeanguka."

Kumbe, Mama Odeta. Kumbe hilo ndilo walilotaka kukupima: kwamba hutaacha nionekane. Ningelala pale mbele ya mwanafunzi wangu, na wewe ungenifunika vizuri kuliko nilivyojifunika mwenyewe maisha yangu yote. Nilikuwa napita karibu na ile meza kila siku nikidhani taulo la mto ni la kuzuia maji yasimwagike. Ningekubali kulala hata mara moja, ningejua.

Odeta hataki niende kesho. Anasema ule mlima wa hospitali utaniua. Huenda kweli. Nimemwambia Furaha kwamba kuna mgonjwa mmoja hapa Kigali aliyewahi kuahidi na asifike. Hakuuliza ni nani. Amesema tu, "Nikuje kukuchukua, mzee?" Nimemwambia ndiyo, aje, tutoke pamoja, asinitangulie. Najijua.

Yule mwanafunzi wangu wanasema bado ni mtahini. Nitamsalimia nikiwa nimelala. Furaha akishamaliza, nitamwambia kwamba mke wangu alikuwa muuguzi, na kwamba mgonjwa ambaye hakufika siku ile ni mimi.

Msamaha sikuombi kwa barua. Nitakuja kuuomba mwenyewe, na haitakuwa muda mrefu.

Koti liko kwenye kiti. Kitambulisho kiko ndani, nimejigusa mfuko mwenyewe. Pumzika sasa, Muuguzi Veronika. Nimechelewa sana, lakini kesho mgonjwa anafika.

Mwalimu wako