Usiache Kufukiza Vibuyu

Uturuki

Mama yangu mpenzi,

Salaam nyingi zikufikie hapo Garsen, wewe na biashara yako ya maziwa na hayo magoti yako. Bado yanauma? Mimi mzima, alhamdulillahi, ila baridi ya huku imenipasua midomo.

Mama, ile simu yako ya juzi imeniudhi. Ati uko tayari kuacha kufukiza vibuyu vya maziwa kwa moshi ili mimi nipate cheti! Nani kakuomba?

Wajua chombo ninachotengeneza hapa chuoni ni cha kupoza maziwa yenu, yasichachuke kabla gari la Malindi halijafika. Nilianza kwa kupitisha maziwa ndani ya bomba lenye mapezi, yaani vijibavu vya chuma vilivyosimama kwa ndani, huku maji baridi yakizunguka nje. Vinanyonya joto upesi ajabu. Basi nikafukiza kile kibuyu ulichonifungia safarini, majirani wakadhani nyumba inaungua, nikatia maziwa humo, kisha nikayapitisha bombani. Weee! Chembe za mkaa zikanasa kwenye mapezi, maziwa yakagandamana hapo hapo, pampu ikalia mpaka ikazima.

Mwalimu wangu akasema, "Waambie hao akina mama waache moshi."

Nikamjibu, "Kwetu maziwa yasiyofukizwa hata mgonjwa hayataki."

Akasema basi, cheti sipati, kazi yangu haifai. Haifai kwa nani?

Nimeigeuza. Sasa maji baridi ndiyo yanayopita ndani ya bomba, na maziwa yanakaa nje yake, kwenye pipa, ukimaliza unasugua kwa mkono. Mapezi nimeyapunguza na kuyafupisha, maana yakizidi maji yanabanwa, na kapampu ka sola hakana nguvu ya kuyasukuma. Joto linachelewa kidogo kutoka, lakini linatoka. Jana maziwa yalipoa, Mama, yalipoa kabisa! Mwalimu akaonja, akakunja uso kwa ule moshi, akasema atafikiria habari ya cheti.

Na afikirie. Akininyima, nitarudi na bomba langu mkononi.

Nisalimie Mjomba Bonaya, aliyesema msichana hasomei mabomba, mwambie nimeyasomea. Msalimie Shangazi Habiba wa kibanda cha chai, na kaka Guyo akirudi malishoni na ng'ombe.

Nawe kesho alfajiri chukua kijinga chako cha moto, ufukize mpaka jirani akohoe. Cheti ni changu, nitakipigania mwenyewe. Vibuyu ni vyako, na vya bibi kabla yako.

Mwanao mkaidi,
Hawa