Taa Mpya ya Kumwona Ubeid

Jumatatu, 4 Februari 1935

Daktari kampa mama tarehe. Jumatano, tarehe ishirini. Watamtoa mtoto wa jicho, kwanza la kulia, la kushoto baadaye Mungu akipenda. Mama kasikiliza kimya kama anayesomewa bei ya vitunguu. Tulipofika Mnazi Mmoja akasimama njiani: haendi kukatwa mpaka amwone Ubeid. Kisu kikimpofusha, basi awe ameshamwona.

Ubeid ndugu yangu ana miaka mitatu kaburini. Anachotaka mama ni ule utepe wa sinema—Mhindi mmoja alipita na mashine ya kupigia sinema siku ya Idd, akaupiga umati pale pale Mnazi Mmoja. Ubeid yumo. Anakuja mbele, anacheka, anageuka, anaondoka. Basi. Niliununua kwa yule Mhindi, na wa pili wake haupo.

Jumatano, 6 Februari

Nimemwonyesha. Bure.

Mashine yangu ni ya zamani, inazungushwa kwa mkono, na mwanga wake ni wa karabai. Kwa wenye macho mazima unatosha. Ubeid alipotokea nikasimamisha hendeli, kama desturi yetu uani hapa. Watu wa Kariakoo wakimwona wanayemjua kwenye shuka hupiga kelele, Msimamishe! Nami nasimama, wanamsalimia, wanaisema kanzu yake, ndipo naendelea. Miaka kumi naonyesha sinema hivyo.

Mama akasogea mpaka pua ikagusa shuka. Kanzu naiona, anasema. Uso siuoni. Ni ukungu.

Akarudi kukaa. Hakulia. Afadhali angelia.

Jumamosi, 9 Februari

Umeme umefika dukani kwetu, chumba cha mbele cha nyumba hii, tangu mwaka jana, nikasema tuutumie. Nimekwenda Gerezani kwa Onesphory, fundi umeme wa karakana ya reli, mtu wa Kilimanjaro. Mpole, lakini ana maneno mengi. Akaja, akaifungua mashine, akaguna. Karabai itoke, iingie globu kubwa. Globu akaipata. Lakini ni ya volti mia na kumi, umeme wa mji ni zaidi ya maradufu, kwa hiyo nisiiguse mpaka atengeneze kitu cha kuupunguza.

Nikaona ananichelewesha. Alipoondoka nikaunga waya mwenyewe.

Ilimulika kama radi, ikapasuka. Azza mke wangu alikuwa mlangoni na sinia la wali. Akaweka sinia chini, akaleta ufagio.

Jumanne, 12 Februari

Onesphory kaja na globu nyingine. Amesikia habari ya ile ya kwanza, kanitazama tu. Kaleta na waya mrefu alioupindapinda juu ya vipande vya vigae—umeme unapita humo, unachoka, ndipo unaifikia globu. Waya wenyewe unakuwa mwekundu. Tumeuweka mbali na kila kitu.

Tukawasha. Subhanallah, shuka lilikuwa jeupe mpaka nyuzi zinahesabika. Sijacheka hivi tangu msiba.

Akanishika bega. Bwana Humoud, taa hii haimsubiri mtu. Ukizungusha, utepe unapita salama. Ukisimama, unaungua. Nikamwambia nimesikia. Akarudia. Nikamwambia fundi, mimi si mtoto.

Alhamisi, 14 Februari

Nimejaribu kwa utepe mwingine, wa farasi. Nimezungusha mwanzo hadi mwisho, sijasimama. Mkono ulitaka kusimama mara moja, nikaukaza.

Mama amesikia mashine, anauliza lini. Nimemwambia Jumapili baada ya alasiri. Kamwambia Azza amtolee kanga mpya. Sipendi akifurahi hivi. Furaha ya nyumba hii haikai.

Jumapili, 17 Februari

Nimeuunguza.

Niandike kama ilivyokuwa. Madirisha tuliyaziba kwa magunia. Mama mbele, Azza pembeni yake. Nikazungusha. Umati, pembea, watoto, halafu yeye. Uso mzima, meno yote. Mama akainuka. Huyo! Huyo mwanangu! Msimamishe!

Mkono ukasimama. Sikuuambia. Miaka kumi ukiambiwa msimamishe unasimama, ndivyo ulivyozoea.

Alama ya kahawia ikatokea katikati ya uso wake, ikatanuka, ikala mdomo, ikala macho. Halafu weupe mtupu. Nikauvuta utepe kwa vidole, nikazima, nikaukanyaga. Harufu kali nyumba nzima. Vidole vimevimba, ndiyo maana mwandiko uko hivi.

Na mama, gizani, kwa sauti ya kawaida kabisa: macho yangu yamekwisha. Kaona giza limeanzia usoni kwa Ubeid, likaenea, kisha nuru nyeupe, kisha basi. Akauliza kinachonuka ni nini. Azza akasema waya, bi mkubwa.

Alhamdulillahi, akasema mama. Nimemwona.

Nami nikamwacha aamini hivyo.

Jumatatu, 18 Februari

Amejifunga kitambaa machoni tangu jana mle gizani, kabla hatujaondoa magunia. Hafungui hata kula. Anasema cha mwisho kuonwa na macho haya ni Ubeid, kisije kitu kingine juu yake. Na hospitali haendi. Macho yaliyokwisha kufa yakatwe ya nini?

Jumanne, 19 Februari

Onesphory kapita kuuliza habari ya taa. Nimemwonyesha kilichobaki. Kauweka utepe dirishani, kautazama kipande kwa kipande. Uso wote umekwenda. Kilichosalia ni pale anapogeuka—mgongo na kofia. Mgongo wa mtu yeyote. Nikamuuliza kama unaungika. Akasema anaweza kuunga ncha kwa ncha, lakini mtu aliyeungua hamrudishi. Hakunikumbusha aliyoniambia. Heri angenitukana.

Azza kanibana jikoni. Mwambie mama macho yake mazima, aende kesho. Nikamjibu, nikimwambia mama hivyo nimemwambia pia kwamba Ubeid hayupo tena. Nimemzika mara ya pili, na safari hii kwa mkono wangu. Azza akasema, kwa hiyo unamwacha awe kipofu ili wewe usionekane mbaya?

Nikatoka jikoni.

Nimekwenda mlangoni kwa mama mara kadhaa. Kila mara ananijua kwa hatua, anasema Mungu akubariki mwanangu, umenionyesha. Narudi.

Jumatano, 20 Februari

Asubuhi. Teksi imekuja, Azza ndiye aliyeiita, hakuniuliza.

Nimeingia kwa mama. Shikamoo mama. Marahaba baba. Nikaanza: mama, Jumapili ile, si macho yako. Akanikata. Anasema na yeye amewaza usiku kucha. Labda si kufa, labda ulikuwa mshtuko tu. Kwa hiyo tujaribu. Nimzungushie Ubeid mara moja tu. Akiuona uso wake, macho yapo, anapanda teksi sasa hivi akakatwe. Asipouona, yamekufa, tusimsumbue tena mpaka siku ya kuzikwa.

Ndipo nilipopaswa kusema. Mdomo ulikuwa wazi kabisa. Nikasema, haya mama.

Sasa amekaa mbele ya shuka, kanga ile ile mpya. Magunia yamerudi madirishani. Kipande cha mgongo nimekipachika kwenye gurudumu la mashine, bado hakijafika mbele ya taa, sijui kwa nini. Nimewaambia globu lazima ipate moto kwanza. Uongo, haihitaji. Naandika haya nimesimama nyuma ya mashine, na mwanga wake unatosha kuandikia.

Dereva anapiga honi. Azza ananitazama, haniondolei macho.

Mama amepeleka mikono kisogoni, anafungua fundo. Anasema yuko tayari, nizungushe. Na safari hii, anasema, akitokea nimsimamishe.