Maulid Hakujitupa Mtoni

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha polisi, mashariki mwa Birmingham

Jina: Asmahan Hafidh Mwinjuma. Umri: miaka 22. Kazi: mwanafunzi wa chuo kikuu, sayansi ya siasa. Makazi: Nechells.

Nimechagua kueleza kwa Kiswahili, kwani jambo hili nataka kulitamka bila kukwaa ulimi.

Mnamo tarehe 11 Januari 2025, saa nane mchana, mimi na mwanafunzi mwenzangu Maulid Suhaib tulikwenda Stechford kutazama ndege kando ya Mto Cole. Madimbwi ya jirani yalikuwa yameganda, na ndege wake wamehamia mtoni. Nilikuwa nikilalamikia ada za masomo. Maulid, darubini machoni, akasema: "Shusha sauti, kiongozi. Ndege hawapigi kura."

Yapata saa tisa na nusu, mbwa aliyefunguliwa kamba alimrukia akamlamba mkono. Mwenye mbwa, mzee tusiyemjua, alicheka: "Anakupenda tu, kijana!" Maulid hakucheka. Tulivyolelewa Zanzibar, palipolambwa na mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo, ndipo mtu aswali. Nilimsihi angoje tufike nyumbani.

"Mpaka tufike Nechells jua limezama, dada. Na Alasiri sijaswali."

Alishuka ukingoni, akachota tope, akajisugua. Alipoinama kusuuza, aliteleza kwenye barafu akatumbukia. Mimi na yule mzee tulimvuta kwa kamba ya mbwa. Alikuwa akipumua, lakini hajitambui, na gari la wagonjwa likamchukua.

Sasa naambiwa mzee ameeleza kwamba kijana alijipaka tope, kisha akajitupa. Hospitali imearifiwa hivyo. Maulid akizinduka, atakuta ameshahesabiwa mtu aliyetaka kujiua, na amewekewa mlinzi. Mzee simlaumu, naye aliivuta kamba ile pamoja nami. Lakini napinga, kwa nguvu zote nilizobakiwa nazo, Mwislamu kuonekana akijitwaharisha na kuandikwa mwendawazimu! Je, anayetaka kufa huhangaika sala isimpite? Aliteleza. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kumshika, na sikumuwahi.

Hayo ndiyo niliyoyaona kwa macho yangu, na nitayarudia popote nitakapoitwa.

Saini: A. H. Mwinjuma

Maelezo ya ofisa: Yamechukuliwa na Konstebo Ranvir kupitia mkalimani Jeanne, na shahidi amesomewa. Aliomba neno "alijitupa" lifutwe katika taarifa ya kwanza. Nilimweleza kuwa siwezi kufuta maneno ya shahidi mwingine. Haya yatapelekwa hospitali usiku huu. Shahidi alipokuwa akitia saini, simu yake iliita. Alisema ni mama yake Maulid, akaniuliza amwambie nini.