Mlango wa Kushoto

Mahongole, Makambako

Mwanangu Rejoice,

Kamwene. Viazi tumeshachimba, na dada yako Jasmine kajifungua salama, mtoto wa kike.

Ile Korola bado inatembea. Asubuhi sharti uibembeleze ipate moto, na honi hulia yenyewe ukikata kona. Tangu tumzike baba yako, mdogo wako Enoki ndiye anayeendesha. Jumapili tulipofika kanisani alishuka akakimbilia kwaya, mimi nikabaki nimekaa. Unaujua mlango wangu, haufunguki kwa ndani. Miaka yote baba yako alizunguka kunifungulia, nami nikimgombeza kwa ubahili wake. Nilikaa humo mpaka wimbo wa kwanza ukaisha, ndipo Enoki akakumbuka.

Jana tuliipeleka Njombe kwa fundi Benno. Mlango kaumaliza kabla hata sijakaa vizuri kwenye benchi.

"Mama, ni kiwaya tu kilichomoka," akaniambia. "Nilitaka kukirudishia zamani, mzee akanikataza. Akasema, 'Acha, Benno. Ukitengeneza, atakuwa anashuka mwenyewe.'"

Mlango umepona, mwanangu. Sasa nashuka mwenyewe.

Ni mimi mama yako,
Ema