Mtoto Chini ya Dirisha la Kioo

Wifi yangu Zuwena,

Nnakuandikia mbele ya watu kwa sababu nilikusingizia mbele ya watu.

Unaikumbuka baridi ya Ibra, huku Omani, mwaka ule tulipohamia nyumba mpya ya saruji, sisi tuliozoea joto la Unguja. Rahma wako alizaliwa njiti, kichwa chake kinaenea kiganjani mwako. Ulimlaza karibu na jiko la makaa. Mimi nikasema moshi utamdhuru, nikakivuta kitanda chake hadi chini ya dirisha.

"Wifi, pale si baridi?" uliniuliza.

"Baridi wapi? Dirisha limefungwa, chumba kizima kinafukuta."

Kweli kilifukuta, hata sisi jasho lilitutoka. Siku ya tatu, alfajiri, ulimgusa, keshapoa, ukapiga ukelele. Kaka Hamed aliingia mbio, akauliza kumetokea nini. Nikajibu mimi, majirani wameshajaa mlangoni: "Kalala, kamwacha mtoto wazi."

Hukumwacha wazi. Nililiona blanketi, limemfunika mpaka kidevuni. Lakini kaka hakuuliza tena, na arubaini haijafika alikurudisha kwenu Sur na talaka yako.

Miaka sita baadaye nikawa nnasomea uuguzi Nizwa. Mwalimu alitwambia kuwa mwili hutupa joto lake kwenye kitu baridi kilicho mbele yake, bila ya kugusana nacho, na kadiri kitu kile kinavyozidi kuwa baridi kuliko mwili, ndivyo joto linavyozidi kukimbia.

"Hata hewa ya chumba ikiwa na joto?" nikauliza.

"Hata hivyo. Ndiyo maana njiti halazwi karibu na kioo wakati wa baridi."

Nilitoka darasani nikaweka kiganja kwenye kioo cha dirisha.

Sikukuu nilikwenda Ibra nikamweleza kaka. Ana mke mwengine sasa, na watoto watatu. Alinisikiliza mpaka mwisho, macho chini.

"Umemwambia nani mwengine?"

"Sijamwambia mtu."

"Basi iishie hapa. Zuwena keshazoea."

Hukuzoea. Nilikuona Sur, sokoni. Jirani alitaka umshikie mtoto wake kidogo, ukaificha mikono ndani ya buibui. Nilikuwa hatua tano nyuma yako, wifi. Nikageuka nikaondoka.

Kumdhuru Rahma sikukusudia, Mungu anajua. Maneno yale kwa kaka niliyakusudia, nisiulizwe nani aliyekihamisha kitanda.

Mimi wifi yako, niliyesema uongo.