Mfuko wa Ulezi na Mita Mia Tatu

Jumamosi, 26 Aprili

Upepo tena. Risasi tano, tatu nje ya duara jeusi, zote kushoto. Afande Deusi, mwanajeshi mstaafu anayetufundisha, alitazama karatasi yangu akasema napumua kama ng'ombe anayepanda mlima. Sikubisha. Lakini upepo hakuutaja. Mita mia tatu kwenye uwanda huu, risasi inafika imechoka na imebadili mawazo njiani.

Kilichonifurahisha ni mfuko mpya wa kulazia bunduki tu. Ule wa mchanga ulikuwa unavuja, na kwenye baiskeli ulinivunja mgongo. Huu nimeushona kwa suruali kuukuu ya jinzi, nikaujaza ulezi. Punje ndogo, zinajipanga zenyewe. Mtutu ukilala juu yake hautikisiki. Mwalimu Beno ameagiza miguu ya chuma ya kulazia bunduki kutoka Dar. Mimi nina ulezi wa darini kwangu. Koti langu nalo ni turubai na sweta za shule. Wanacheka, halafu wananiuliza kama nitawashonea.

Mchujo ni tarehe 17 Mei. Wageni katika klabu yetu ya shabaha ni wawili, mimi na Mwalimu, na nafasi ya mgeni kwenda Mbeya kwenye mashindano ya kanda ni moja. Naitaka. Miaka yote nimeshona sare za watoto wa watu pale Majengo. Nataka kitu kimoja kisicho cha mteja.

Jumatatu, 28 Aprili

Bunduki za klabu zinalala kituo cha polisi. Nyumbani nina ubao niliouchonga kama kitako cha bunduki, na kipande cha bomba juu yake. Nalala kifudifudi ukumbini, mfuko mbele, nalenga doa nililochora kwenye ukuta wa jikoni. Kupumua, kutulia, kufyatua hewa. Bure kabisa.

Ingekuwa bure kama si kigoda cha mama mkwe. Yuko kwetu Izia tangu mwaka jana, na katika nyumba nzima amechagua kukaa chini ya doa langu. Nifanyeje? Mkwe haambiwi "sogea". Mkwe halaliwi kifudifudi mbele yake kama mlevi wa mtaroni. Nikiwa na neno naye linapita kwa Agripina, mke wangu, na Agripina akilifikisha limeshakuwa neno lingine. Kwa hiyo nangoja aende sala za jumuiya. Leo hakwenda. Goti linamuuma.

Nimekasirika na goti la mtu.

Jumamosi, 3 Mei

Mvua. Mei, na mvua! Tulilala kwenye matope, tukapiga risasi mbili mbili, Afande akafunga uwanja. Mwalimu alipiga mbili ndani. Mimi moja ndani, na moja Mungu anajua.

Nimerudi mfuko ukidondosha maji kama mtoto aliyetolewa mtoni. Nimeuweka mlangoni mwa jikoni, karibu na mafiga, ukaukie joto. Mama mkwe alinitazama nikiuweka. Akaitikia kwa kichwa. Nikadhani ni salamu.

Alhamisi, 8 Mei

Mfuko wangu uko kwenye kamba ya nguo. Mtupu. Umefuliwa.

Nimezunguka nyumba mara kadhaa. Halafu nikamsemesha Agripina kwa sauti ya chini, maana mama mkwe alikuwa ndani. Akanieleza huku akijizuia kucheka, na hakujizuia sana.

Ulezi ulioloa, ukafungwa kwenye mfuko, ukawekwa penye joto, unaota. Ulezi ulioota ni kimea. Kimea ni pombe. Hilo mtoto yeyote wa Kifipa analijua, nami nalijua tangu sijavaa viatu, ila nilikuwa nawaza upepo. Mama mkwe hajui habari za kulazia mtutu. Alichoona ni mkwewe, asiyeweza kumtamkia, anaweka kimea mlangoni mwa jikoni wakati mahindi yangu yamekaukia shambani. Akaelewa ninamwomba apike pombe. Nataka watu waitwe kwa pombe waje kuvuna.

Amefumua mshono wangu uzi kwa uzi, hakuna uliokatika. Ameanika, ametwanga. Agripina anasema amefurahi, hajawahi kumwona hivi tangu alipohamia. Amekuwa akiyatazama yale mahindi, akiona aibu kwa niaba yangu.

Nimekwenda kukaa nje. Baridi.

Ijumaa, 9 Mei

Nimejaza mchanga. Unavuja.

Jumapili, 11 Mei

Baada ya misa mama mkwe alisimama nje ya kigango, goti na yote, akawaalika majirani. Nilikuwa hatua chache tu, nikasikia kila neno. "Mkwe wangu anawaita. Jumamosi. Pombe ipo." Watu wakanigeukia, wakanipongeza. Mzee mmoja akanishika mkono akasema alikuwa ameanza kudhani nimekuwa mtu wa mjini.

Jumamosi. Tarehe 17.

Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma.

Jumatano, 14 Mei

Nimemfuata Afande kwake. Shikamoo, marahaba, chai, habari za goti la mama mkwe (zimemfikia). Nikamwomba mchujo usogezwe. Hausogei. Kibali cha kutoa bunduki kituoni ni cha siku hiyo, na majina ya kwenda Mbeya yanatumwa jioni yake. Alisema, "Fundi, mimi ni Mfipa kama wewe. Pombe nayo haisogei." Hakunisaidia chochote.

Nikamwambia Agripina amwambie mama aahirishe. Alinitazama kama nimemwomba arudishe mvua mawinguni. Pombe inachemka chunguni. Nimepita pale, inanong'ona.

Nikasema basi nitaondoka asubuhi, nipige, nirudi. Lakini uwanja uko ng'ambo ya kilima, na zamu za kupiga huchukua siku nzima. Mwenye shamba ndiye anayevunja hindi la kwanza, na ndiye anayetoa kata ya kwanza ya pombe. Asipokuwepo watu watavuna, watakunywa, hawatasema kitu. Watasema mwaka ujao, kwa kutokuja.

Agripina akasema, "Nenda baba, nitawaambia serikali imekuita." Alimaanisha. Hilo lilinikera kuliko kama angenikataza.

Ijumaa, 16 Mei

Nakwenda. Nimekwisha amua. Koti nimelikunja, liko juu ya baiskeli.

Jioni. Mama mkwe anapiga pasi shati langu jeupe. Yeye, kwa mkono wake, pasi ya mkaa. Mkwe kumpigia pasi mkwe! Agripina alisema niache, amekataa kusaidiwa. Anataka niwe nadhifu mbele ya watu.

Jumamosi, 17 Mei

Sikwenda.

Nilivunja hindi la kwanza nimevaa shati jeupe lililonyooka kuliko lolote nililowahi kushona. Watu walikuja wengi kuliko nilivyostahili. Waliimba. Mahindi yalianguka kana kwamba yalikuwa yanangoja kuambiwa.

Na upepo? Hakukuwa na upepo. Mwezi mzima umenichezea, leo moshi wa jikoni ulisimama wima. Jani halikutikisika. Sijawahi kuona siku nzuri ya kupiga shabaha kama hii, nami nina gunia mgongoni.

Halafu milio. Ng'ambo ya kilima, mmoja mmoja. Kila ukilia niliganda. Nilimjua Mwalimu kwa haraka yake, hapumziki kati ya risasi na risasi. Baada yake, kimya kirefu. Kimya hicho kilikuwa changu. Ndiyo zamu yangu ilivyopita, nimesimama katikati ya mabua na hindi mkononi. Nilitaka kulia na nilitaka kumpiga mtu, na hapakuwa na mtu wa kumpiga.

Mama mkwe alikuwa kwenye kigoda chake mwisho wa shamba. Alikuwa ananitazama. Akageuza uso kule milio ilikotoka, akanitazama tena.

Jioni nilitoa kata ya kwanza. Pombe nzuri. Inanilazimu kuandika hivyo. Kali kidogo mwishoni, kama inavyotakiwa.

Jumapili, 18 Mei

Mwalimu Beno kaichukua nafasi. Zote tano ndani. Alipita dukani kunipa pole, na kuomba nimshonee koti la Mbeya. Nimekubali. Nitalishona vizuri, na hilo ndilo linaloniudhi.

Afande anasema kutakuwa na mchujo mwingine kabla ya mvua. Nimemwambia sitaki. Akasema, "Haya."

Jumanne, 20 Mei

Nimeutupa ubao stoo. Agripina ameniuliza nini kinanisumbua. Hakuna. Mama mkwe naye amemuuliza, eti ile milio ya Jumamosi ilikuwa ya nini, na ule mfuko ulikuwa wa nini hasa. Agripina amemweleza yote. Sikumtuma.

Alhamisi, 22 Mei

Nimerudi kutoka Majengo giza linaingia. Mlangoni mwa jikoni, pale pale karibu na mafiga, palikuwa na mfuko wangu wa jinzi. Umejaa. Ulezi mpya, wa mwaka huu, mkavu. Nimeupima kwa kiganja, ukakubali umbo.

Mdomo wake umeshonwa kwa mkono. Mshono umepinda, unapanda na kushuka, uzi mweusi kwenye nguo ya bluu. Mwanafunzi wangu angeleta kazi hiyo ningemrudishia afumue. Nimeutazama muda mrefu. Sitaufumua.

Ubao nimeutoa stoo. Nilisimama nao ukumbini, sijui nifanye nini, maana mama mkwe alikuwa pale pale ukutani, chini ya doa. Aliinuka. Goti lilimpa shida. Akakiokota kigoda, akakiweka upande wa pili wa mlango, akakaa akiangalia nje, mgongo kwangu.

Doa linaonekana lote.